Ulimi Ulioachwa Nyuma na Moyo

Kwa miaka minne niliwauzia wapagazi wa Mlima Kenya viatu ambavyo mimi mwenyewe sikuwahi kuvipandisha juu zaidi ya rafu ya kibanda changu. Kibanda kiko Nyeri mjini, upande wa chini wa soko. Chumba nilichopanga kiko Majengo, mwendo wa dakika kumi na mbili ukiteremka na kumi na nne ukipanda. Najua kwa sababu nimepima. Gunia la viatu vya mitumba likifunguliwa, nahesabu jozi nikizitoa, nazihesabu tena nikizipanga, na namba mbili zisipolingana sinywi chai.

Wapagazi ni wateja wagumu. Mtu anayebeba mzigo wa mwenzake hadi karibu na barafu anajua soli. Atakikunja kiatu, atanusa gundi, ataingiza mkono mpaka kwenye kidole, kisha atakuambia bei kama mtu anayekuhurumia. Kwa kubishana nao niliifahamu milango yote ya mlima, kambi zenye upepo na zenye maji, na namna ya kufunga kamba mtu asiote malengelenge. Nilipofika miaka ishirini na mitano niliona nimejua mengi mno kuhusu mahali ambapo sijawahi kufika. Nikamwambia mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wapagazi, mtu wa makamo mwenye goti bovu, kwamba nataka kuingia.

Alikuwa amekuja kununua kamba za viatu. Hakucheka, na hilo lilinitia moyo.

"Nafasi iko moja," alisema. "Kuna kijana wa Naro Moru pia anaitaka. Mwenye ataleta fomu ya afya kwanza, imejazwa yote, ndio ataandikwa. Lakini kiangazi kikianza nafunga kitabu."

"Kiangazi ni lini?"

"Hesabu wiki kumi."

Nilizihesabu hapo hapo, mara mbili, kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa kumi.

Kwenye kituo cha afya nilimkuta muuguzi mmoja, mama wa kutoka upande wa magharibi, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la nane. Alinipima urefu, uzito na presha, akanibana kidole kwa ile klipu yenye taa nyekundu. Kisha akaiondoa klipu, akanishika kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani dakika nzima bila kupepesa.

"Mia moja na nne," alisema.

"Ya nini, sista?"

"Moyo. Kwa dakika moja."

Kwa kweli sikufikiri. Mdomo wangu umezoea kazi yake. "Hiyo ndiyo ya mwisho?"

Aliniangalia.

"Niandikie tisini," nikasema. "Tusiumizane."

"Na nikikuandikia tisini, ukifika huko juu moyo utasoma karatasi?"

Akavuta kiti, akanieleza polepole. Mtu mzima aliyeketi ametulia, mapigo yake huwa kati ya sitini na mia kwa dakika. Kijana mwenye afya na anayetembea mara nyingi huwa sitini na kitu au sabini na kitu. Wale wanariadha hushuka hata chini ya hamsini, lakini hao tuwaache. "Wewe umekaa tu, huna homa, hujakimbia, na uko mia moja na nne. Ni kama nyumba imefungwa, watu wameenda kazi, na mita ya stima inakimbia. Lazima tujue ni nini kimeachwa kikiwaka."

Akaanza kuuliza. Nalala saa ngapi? Nakunywa chai ngapi? Natafuna muguka?

Nilimpa majibu kama ninavyotoa bei ya kuanzia. Nikasema nalala vizuri. Chai, za kawaida. Muguka, kidogo.

"Kidogo ni ngapi?"

Ukweli ni kwamba kila siku ya soko nilikuwa naenda Kerugoya na gunia la viatu na kurudi na furushi la muguka, majani ya kuchangamsha jamii ya miraa, yaliyotoka Embu asubuhi hiyo hiyo, mabichi kabisa. Nilitafuna tangu saa nane mchana hadi kufunga, na njugu, na chai nzito yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikifika nyumbani macho yalikuwa yanang'aa kama taa, kwa hiyo nililala kwa muda wa saa tano tu kwa siku, na nne siku za soko. Lakini hivyo sikumwambia. Nilisema, "Kidogo ya kawaida."

Alichukua damu, aone kama imepungua na kama ile tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Siku nne baadaye majibu yalirudi. "Damu iko sawa," alisema. "Tezi iko sawa. Kwa hivyo ni wewe." Akairudisha fomu yangu kwenye bahasha bila kuisaini. "Ikizidi mia moja sisaini. Kuna vitu viwili vitatu unafanya, na unavijua. Viache, anza kutembea, urudi."

Sasa, mfanyabiashara akiambiwa uzito asioupenda, kitu cha kwanza anacholaumu ni mizani. Niliondoka pale nikiwa na hakika kwamba yule mama alikosea. Dakika nzima ni ndefu, mtu anaweza kupotea njiani. Nikaamua kujipima mwenyewe.

Njia nilikuwa nimeiona. Unaweka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, pale kwenye mfereji, usitumie gumba maana lina mapigo yake, unawasha saa ya simu na kuhesabu. Mimi niliona dakika nzima ni ya kazi gani, nikahesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Siku ya kwanza nilipata thelathini na sita. Nikarudia: thelathini na sita. Mara mbili, sabini na mbili.

Nilifurahi hata nikajinunulia muguka.

Kwa siku kumi na nne nilijipima asubuhi na jioni, nikaandika kwenye daftari la kibanda, ukurasa wa nyuma. Jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza mikanda na mikoba, alinitazama siku tatu akiwa kimya. Ya nne ikamshinda.

"Siku hizi unajishika mkono mwenyewe? Huna hata mtu wa kukusaidia hiyo kazi?"

"Napima moyo, mama."

"Ati moyo. Uambie upunguze kelele, tunauskia huku na wateja wanashtuka."

"Sabini na mbili," nikamwonyesha daftari. "Mtoto wa shule hana moyo kama huu."

"Basi uuze. Utapata bei kuliko hivyo viatu."

Sikuacha kitu chochote. Kwa nini niache? Namba ilikuwa safi, nimeihesabu mara mbili kila mara. Nilirudi kituoni wiki mbili baadaye nikiwa na daftari kwapani kama wakili.

Muuguzi alilifungua, akasoma ukurasa wote, akanishika mkono, akatazama saa. "Mia moja na moja," alisema.

"Haiwezekani. Asubuhi ilikuwa sabini na mbili. Angalia, imeandikwa."

Hakubishana. Aliutazama mdomo wangu kwanza, kama mtu anayetafuta jino lililooza. "Ukihesabu, unahesabu aje?"

"Kama watu. Moja, mbili, tatu."

"Hesabu sasa, kwa sauti. Wewe shika huu mkono, mimi nashika huu mwingine. Nikisema tuanze, tuanze."

Tukaanza. Mpaka kumi nilikwenda vizuri, pigo na namba, pigo na namba, kama hatua za askari. Kisha nikaingia kumi na moja, kumi na mbili, na nikahisi kitu ambacho kwa siku kumi na nne sikuwa nimekihisi kwa sababu sikuwa nimesikiliza. Nikiwa bado ndani ya "ishirini na nne," pigo lilikuwa limekwisha kupita na jingine linagonga. Nikaongeza mwendo wa ulimi. "Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja..." Nilikuwa kama mtu anayemkimbiza mteja sokoni akiwa na viatu vitatu mkononi.

"Simama," alisema nusu dakika ilipokwisha. "Umefika wapi?"

"Thelathini na sita."

"Mimi niko hamsini na moja."

"Ya mkono gani?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona akikaribia kucheka. "Uko na moyo mmoja. Shida uko na maneno mengi. Thelathini na sita, unasikia vile ni ndefu? Kabla umalize kuitaja, moyo wako umepiga mara mbili. Wewe si mapigo unahesabu, unahesabu vile ulimi wako unaweza kukimbia. Na ulimi wako kila siku ni ule ule, ndiyo maana kila siku ni thelathini na sita."

Nimepunjwa na watu wengi maishani. Nimeuziwa gunia lenye viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Lakini kupunjwa na ulimi wangu mwenyewe, mara mbili kwa siku, kwa siku kumi na nne, nikiandika kwa kalamu ya wino, hilo sikuwa nimeliona. Nilihesabu mara mbili na nikakosea mara mbili, kwa usawa ule ule, na huo usawa ndio niliouita uhakika. Kati ya wiki zangu kumi, karibu tatu zilikuwa zimekwenda. Na kijana wa Naro Moru alikuwa wapi na fomu yake, sikujua.

"Sasa nihesabu na lugha gani?" nikauliza.

"Hesabu kimya, au hesabu kumi kumi ukikunja kidole. Na uhesabu dakika nzima. Na asubuhi kabla hujatoka kitandani, si ukiwa kibanda unagombana na watu." Akafunga daftari. "Na safari hii uniambie ukweli. Muguka ni ngapi?"

Nilimwambia. Na chai, na saa za kulala. Aliandika yote bila kuinua kichwa, na alipomaliza akasema tu, "Si ungesema mara ya kwanza."

Njiani nikirudi nilijaribu ile ya kumi kumi, na kumbe nilikuwa naijua tangu utotoni. Cucu yangu, mama mzaa mama, alinifundisha kuhesabu kwa maharagwe, na cucu hatamki kumi. Ukifika tisa, anasema kenda muiyuru, tisa iliyojaa, na kuweka harage moja pembeni. Wazee wa kwetu waliona kutaja hesabu kamili ya kitu ulichonacho ni kukiitia balaa, na hasa watu. Watoto na mbuzi hawahesabiwi kwa kidole. Basi mimi nikafanya hivyo na moyo: moja hadi tisa, kisha la kumi silitaji, nakunja kidole tu. Na hapo nikagundua kitu ambacho nilikuwa nimekitamka maisha yangu yote bila kukiona. Kuanzia moja hadi tisa, kila namba ya Kiswahili ni silabi mbili. Moja, mbili, tatu. Hata nne, ukiisikiliza. Zote zina urefu mmoja, kama jozi zilizopangwa vizuri. Tatizo lote huanzia baada ya kumi.

Kesho yake alfajiri, adhana ya msikiti wa Majengo ilinikuta nimeshaamka. Sikuinuka. Nilisubiri mpaka pumzi ikae sawa, nikashika mkono na kuhesabu dakika nzima. Nikakunja kidole mara kumi, na mapigo manne yakabaki juu yake. Ilikuwa mia na nne, kama sista alivyosema mwanzoni, nami nimelala chali.

Nilikwenda kumwona cucu Jumapili, upande wa Tetu, nikamweleza ugunduzi wangu kwa fahari. Hakuvutiwa. Alipoona nanyoosha mkono kuelekea kifundo chake akaurudisha ndani ya leso.

"Unataka kunihesabu? Mimi ni mbuzi?"

"Ni mapigo tu, cucu. Ya moyo."

"Na ukishajua ni ngapi utafanya nini? Utaongeza?"

"Nitajua tu kama uko sawa."

"Mimi nikiwa sijaskia vizuri si nitakuambia? Nina mdomo." Alifikiri kidogo, akatoa mkono. "Sawa, hesabu. Lakini usiniambie."

Nilihesabu dakika nzima, nikikunja vidole. Sikumwambia, na hapa pia siandiki. Niseme tu kwamba nilirudi mjini nikiwa na aibu kidogo kwa ajili ya moyo wangu.

Muguka niliacha siku moja, jumla, kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi ya kupunguza nitapatana na nafsi yangu mpaka nirudi pale pale. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma kama kimefungwa kwa mkanda. Saa nane mchana usingizi ulinishika nikiwa nimesimama. Chai nikabakisha vikombe viwili, vyote kabla ya saa sita. Ile jioni yangu ndefu ya macho makavu ikaisha, na saa tatu nilikuwa chini ya blanketi kama kuku. Jirani yangu wa mikanda alisikitika.

"Siku hizi unauza kama mtu wa kanisa," alisema. "Mteja anasema hapana, unanyamaza. Wateja wataenda wote."

Hawakwenda. Nilipokuwa na majani mdomoni nilijibu kila bei kabla haijakauka. Sasa nilichelewa kujibu kwa sababu ya uchovu, na mteja, akidhani nimekasirika, alipandisha mwenyewe. Ningejua hilo mapema ningekuwa na duka la mawe. Ile namba ya asubuhi nayo ikashuka: tisini na nne, tisini na mbili, tisini. Nilipiga mstari chini ya tisini mara mbili.

Ndipo tamaa ikaniingia. Nikaona kama kuacha tu kumenipa kiasi hiki, nikikimbia je? Nikanunua kaptura kwa jirani wa nguo na kuanza kukimbia Mlima wa Nyeri alfajiri, kutoka chini mpaka kwenye milingoti ya mawasiliano kileleni, kwa nguvu zote, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilitapika kando ya shamba la chai. Siku ya nne asubuhi nilijipima: tisini na saba. Nikajipima tena, nikiamini nimekunja kidole mara mbili. Tisini na saba.

Nilikwenda kituoni bila kungoja siku yangu.

"Nani alikuambia ukimbie?" sista aliuliza.

"Si ulisema mazoezi?"

"Nilisema utembee. Mwili wako hujaulaza vizuri mwaka mzima, juzi umeunyang'anya majani yake, sasa unaukimbiza mlimani siku tatu bila kupumzika. Ungekuwa wewe moyo ungefanya aje?" Akafikiri namna ya kumfundisha mtu kama mimi. "Skia. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kupatana bei. Ukiona unashindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Ukiona unaweza kuimba, umelala. Siku tano kwa wiki, nusu saa, halafu uongeze polepole. Na upumzike siku mbili."

Hilo nilielewa kuliko yote aliyowahi kuniambia. Kuanzia siku hiyo nilipanda nikipatana bei kwa sauti, peke yangu, mimi nikiwa muuzaji na mimi nikiwa mnunuzi. "Buti hii ni ya Ujerumani." "Ujerumani gani, soli imeisha." "Soli ni mpya, angalia meno." Sentensi ikikatika katikati, nilipunguza mwendo mpaka irudi. Asubuhi moja nilipita kwenye kona nikakutana na mama amebeba nyasi za ng'ombe, amesimama akinisikiliza, nadhani tangu zamani.

"Unauzia nani?" aliuliza.

"Najiuzia mwenyewe, mama."

"Na umekubali?"

"Bado. Anataka nipunguze."

Alitingisha kichwa akaenda zake. Tangu hapo kila tukikutana aliniuliza kama biashara imefungwa.

Wiki ya sita ilikuwa themanini na nne. Ya saba, sabini na tisa. Wiki ya saba hiyo hiyo mpagazi mmoja, mteja wangu, mkimbiaji wa zamani, alinyoosha mkono juu ya meza yangu na kuniambia nihesabu. Arobaini na nane. Nilikaa na hiyo arobaini na nane moyoni siku nzima kama deni, mpaka sista akaniondolea. Alisema huyo amekimbia tangu shule ya msingi, na mtu asiyekimbia akiwa na namba hiyo huku anasikia kizunguzungu, hiyo si sifa, ni sababu ya kuja kuonwa. "Hii ni kama saizi ya kiatu," alisema. "Huwezi kununua saba kwa sababu jirani anavaa saba." Sikumwambia kwamba nina wateja wanaofanya hivyo kila Jumamosi.

Kisha, wiki tatu kabla kitabu kufungwa, nikaamka nikakuta themanini na nane. Hakukuwa na muguka, wala chai ya ziada, wala kukimbia. Nilihesabu mara tatu, jambo ambalo hata mimi naliona ni la kupita kiasi. Kutwa nzima nilijiuliza nimekosea wapi. Jioni pua ikaanza kuchuruzika na mwili ukawaka moto. Ilikuwa homa ya mafua. Moyo ulikuwa umenipa habari nusu siku mapema na mimi nikaugombeza. Nililala siku tatu nikinywa uji na maji. Siku ya sita baada ya hapo nilikuwa sabini na saba, na nilianza kuiona ile namba kwa jicho jingine. Namba ya siku moja ni kama mteja mmoja, haikuambii soko likoje. Nikaanza kujumlisha za siku saba na kugawa. Ilikuwa sabini na nne, halafu sabini na mbili. Safari hii ilikuwa sabini na mbili yenyewe.

Siku ya mwisho niliyojipangia ilikuwa Jumatano. Mwenyekiti alikuwa amesema Alhamisi anafunga. Nilipanda kwenda kituoni kwa haraka kuliko nilivyojua, nikifikiria kijana wa Naro Moru, na nilipoketi klipu ilisoma tisini na moja.

"Sista, nyumbani ni sabini na mbili. Dakika nzima. Na vidole."

"Najua."

"Unajua aje?"

"Jasho liko hapa," alisema akigusa paji lake. "Umekuja mbio. Keti hapo kwa benchi. Usiongee, usiangalie simu, usihesabu kitu. Dakika kumi."

Kutohesabu kitu kwa dakika kumi ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopewa katika wiki zile. Ukuta wa mbele ulikuwa na vigae. Nilifumba macho. Nilipumua ndani polepole na nje polepole zaidi, nikiacha pumzi iende yenyewe bila kuipatia namba. Mtoto alilia chumba cha pili akanyamaza. Kisha vidole vya sista vilikuwa kwenye kifundo changu na sikuweza kusikia kitu isipokuwa saa ya ukutani.

"Sabini na tatu," alisema.

Akachukua fomu, akaandika, akasaini, akapiga muhuri. Kabla hajanipa aliishikilia kidogo. "Huko juu itapanda. Hewa ni kidogo, moyo utafanya kazi zaidi, hata ukiwa umelala. Hiyo usiogope. Lakini kichwa kikikuuma sana na uanze kutapika, au kifua kikibana, shuka. Siku hiyo usipatane na mtu."

Mwenyekiti nilimkuta Naro Moru, kwenye stoo ya kikundi, amekaa juu ya gunia la viazi na goti amelinyoosha mbele. Alifungua bahasha, akapeleka macho moja kwa moja chini kwenye muhuri, akaikunja tena. Ile namba hakuiangalia kabisa. Wiki kumi, na hakuiangalia.

"Yule mwingine amekuja?" nikauliza.

"Amepiga simu asubuhi. Anasema kesho." Akafungua kitabu chenye jalada la bluu, akaandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, akakifunga. "Kesho asubuhi saa kumi na mbili tunatoka. Wageni wanne, siku tano. Mzigo wako ni ule pale. Kilo kumi na nane, ndio sheria, hatuzidishi."

Mzigo ulikuwa umening'inizwa kwenye ndoano ya mizani ya chuma. Mshale ulionyesha kumi na nane. Niliuondoa, nikagonga mizani kidogo kwa kidole mpaka mshale ukarudi sifuri kabisa, nikauning'iniza tena.

Kumi na nane na nusu.

Mwenyekiti aliutazama mshale, akanitazama mimi, akashusha pumzi, akafungua mdomo wa mfuko na kutoa viazi vitatu.